Shilingi Mia Tatu Tisini na Nane

Ilikuwa Ijumaa, tarehe thelathini Septemba 1949, na kwa mara ya nne asubuhi ile Sajenti Bonifasi alizimwaga zile pesa mezani akazihesabu. Noti kwanza, sarafu baadaye. Zilitoka vilevile, shilingi mia tatu tisini na nane, wala hakuna senti iliyoongezeka kwa kumwonea huruma.

Konstebo Marko, aliyekuwa zamu ya mlangoni, alijifanya haoni. Kituo kizima cha Singida kilikwisha kuamua kwamba kesi ya Fabiano imekwisha. Lori la Dodoma lingeondoka Jumatatu alfajiri, na Fabiano angepandishwa na pingu zake kwenda kujibu shitaka la kumuua kaka yake. Adhabu yake kila mtu aliijua, na ilikuwa kamba. Bwana Inspekta alilitaka jalada mezani pake Jumapili jioni, na alilitaka bila maneno mengi.

Jalada lenyewe lilisomeka vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Gaspari wa Mtinko alikwenda Kongo mwaka 1942 kuchimba shaba, akamwacha mkewe Klara na mtoto mchanga, Dorika. Miaka saba baadaye, Jumanne ya tarehe kumi na tatu Septemba, dereva wa lori alimshusha Singida mjini. Tangu hapo hakuna aliyekiri kumwona, hadi Jumapili ya tarehe ishirini na tano, jua likichomoza, warina asali walipomkuta amekufa kwenye kibanda chao ukingoni mwa msitu wa Mgori. Shati lilikuwa limelowa damu kifuani. Mfukoni alikuwa na karatasi ya kazini kwake, imeandikwa Kifaransa, na chini yake tarakimu 3,000. Hizo zilikuwa faranga za Kongo. Lakini faranga zenyewe hazikuwepo. Siku mbili baadaye Klara aliukuta mkanda wa pesa wa mumewe chini ya kihenge cha shemeji yake Fabiano, na ndani yake zile shilingi. Fabiano alipokamatwa hakusema neno, na mpaka asubuhi hiyo alikuwa bado hajasema.

"Afande," Marko alishindwa kuvumilia, "zimepungua?"

"Zingepungua ningelala usingizi. Hazilingani na kitu."

"Na kitu gani?"

Bonifasi alikuwa Mfipa. Alikulia karibu na ziwa, ambako faranga za Kongo zilivuka maji pamoja na dagaa, na mama yake alizijua kabla hajaijua sura ya shilingi. Singida hakuwa na mtu wa kuzungumza naye mambo hayo. Miaka mitatu alikuwa pale, na watu walimwamkia kwa adabu, wakamjibu alichouliza, kisha wakarudi kwenye Kinyaturu chao na kumwacha amesimama. Alijikuta anafurahi kuulizwa swali, hata na Marko.

"Kabla ya tarehe kumi na nane," alisema, "faranga mia zilikuwa shilingi kumi na moja na senti thelathini. Elfu tatu zinatoa mia tatu thelathini na tisa. Hizi hapa ni nyingi mno."

"Basi alizibadilisha baadaye."

"Jumapili ile ya tarehe kumi na nane Waingereza waliishusha pauni yao. Shilingi yetu imefungwa kwenye pauni, ikashuka nayo. Faranga haikushuka kiasi hicho. Tangazo liko ukutani pale boma, hakuna anayelisoma. Sasa faranga mia ni kumi na nne na robo. Elfu tatu zinatoa mia nne ishirini na saba na nusu. Hizi hapa ni chache mno."

Marko alikuna kidevu. "Mimi nilimsikia mpiga mbiu sokoni Jumatano ile. Pauni imeshushwa, pauni imeshushwa. Nikajipapasa mfukoni, shilingi yangu nikaikuta ni ileile. Labda huyu amekula kidogo, afande. Ishirini na tisa na nusu. Pombe na nyama."

"Mtu amemuua ndugu yake kwa tamaa ya pesa, akala ishirini na tisa na senti hamsini, mia tatu tisini na nane akazifukia?"

Bonifasi alizirudisha pesa kwenye mfuko wa ushahidi, akachukua kofia yake.

Duka la Jivanji lilikuwa mwisho wa barabara, mahali upepo wa Singida unapogeuka na kuingiza vumbi lote dukani. Jivanji aliishi humo peke yake. Mke na watoto walikuwa wamekwenda Jamnagar kwa arusi ya ndugu miaka miwili iliyopita, na arusi hiyo ilionekana haina mwisho. Alipomwona Bonifasi alitoa kigoda, akaagiza chai, akaanza kulalamikia bei ya mafuta ya taa.

"Jivanji, wewe unabadilisha faranga."

"Mimi? Mimi nauza nguo. Sukari. Majembe."

"Na zile karatasi kwenye waya nyuma yako ni za majembe?"

Jivanji hakugeuka kuzitazama. Zilikuwa barua za benki ya Dodoma, zimetungwa kwenye waya kwa tarehe, na ya juu kabisa ilikuwa bado nyeupe.

"Sikuja kwa ajili ya kibali cha kubadilisha pesa," Bonifasi alisema. "Kibali ni kazi ya boma. Jumatatu kuna mtu anapelekwa Dodoma kunyongwa, na nadhani alisimama hapa ilipo mizani yako. Fabiano wa Mtinko."

Jivanji aliinywa chai yake yote kwanza, ingawa ilikuwa ya moto.

"Alikuja mara mbili," alisema.

"Mara ya kwanza lini?"

"Jumatano ya soko. Tarehe ishirini na moja. Peke yake. Akatoa faranga elfu moja. Nikampa kumi na moja na thelathini kwa kila mia, kama kawaida. Mia moja kumi na tatu. Hakuhesabu hata, akafunga kwenye nguo akaondoka. Nikasema moyoni, huyu hajawahi kushika pesa ya karatasi."

"Ulikuwa umejua kwamba pauni imeshuka?"

"Nilisikia. Kusikia si barua. Barua ilifika Ijumaa." Jivanji aliitazama mizani. "Sawa, ningeweza kumwambia asubiri. Sikumwambia."

"Mara ya pili?"

"Jumamosi. Nafungua mlango, huyo hapo. Safari hii ana elfu mbili. Nikamwambia kumi na moja na thelathini. Akasema: leo sikubali kumi na moja. Pauni imeanguka, faranga imesimama. Nionyeshe barua ya benki."

Bonifasi aliweka kikombe chini. "Alisema barua ya benki?"

"Kwa maneno hayohayo. Alikuwa anatazama ukuta akiyasema, kama mtoto anayesoma katekisimu kwa moyo. Nikamuuliza nani amekufundisha? Akasema, nimeambiwa. Nikaona aibu, nikamwonyesha. Nikampa kumi na nne na robo. Mia mbili themanini na tano."

Hapo palikuwa na chaki ya kuandikia mifuko. Bonifasi aliichukua, akaandika juu ya kaunta mia moja kumi na tatu, chini yake mia mbili themanini na tano, akapiga mstari. Jivanji naye aliinama kutazama. Ilikuwa mia tatu tisini na nane, kamili, wala hakuna senti ya pombe wala ya nyama.

"Mtu huyu hajui kusoma," Bonifasi alisema polepole. "Jumatano anakubali chochote unachompa. Siku tatu baadaye anadai barua ya benki. Katikati hapo aliongea na mtu anayezijua faranga. Nitajie watu wa Singida wanaozijua faranga."

"Mimi. Wewe. Bwana Shauri kule boma, labda."

"Mimi sikumfundisha. Wewe ulikuwa unampunja. Bwana Shauri hajawahi kumwona. Nani amebaki?"

Jivanji alijifuta uso kwa kitambaa. "Yule aliyetoka Kongo."

"Yule aliyetoka Kongo. Kwa hiyo Alhamisi au Ijumaa Gaspari alikuwa hai, na alikuwa anamtuma. Na Jumamosi, baada ya kulipwa, Fabiano alikwenda wapi?"

"Hapana kwenda. Sikuwa na noti za kutosha, nikamlipa saa kumi na mbili jioni. Alikuwa amechoka, nikamwambia lala barazani. Mimi nawasha ubani alfajiri kila siku. Jumapili alfajiri nimefungua, anakunja shuka lake."

Warina asali walisema mwili ulikuwa haujakakamaa, yaani Gaspari alikufa saa chache tu kabla ya wao kumkuta. Kutoka Singida mpaka Mgori ni mwendo wa mchana mzima kwa miguu. Bonifasi alimtaka Jivanji ayaseme yote tena, akayaandika, akamwekesha sahihi. Jivanji alitia sahihi, kisha akauliza kama Sajenti angependa kikombe kingine. Alikuwa anaomba akae. Bonifasi aliona hivyo, na angependa kukaa, lakini damu ya kwenye shati la Gaspari ilikuwa bado haijaelezeka, na siku zilikuwa zinakwisha.

Ile karatasi ya Kifaransa kila mtu alikuwa ameisoma. Inspekta aliisoma, karani aliisoma, Bonifasi mwenyewe aliisoma mara kumi, na wote walisoma tarakimu tu. Padri wa misheni, mzee aliyefundishwa Kifaransa utotoni, aliishika mbali na macho yake, akaanza na maneno.

"Hii ni barua ya kumwachisha kazi," alisema. "Ya mwezi wa nane. Inasema mapafu. Vumbi la mawe limeingia kwenye mapafu yote mawili. Hafai tena kwa kazi ya aina yoyote."

"Na elfu tatu?"

"Ndiyo malipo yake. Kwa ajili ya mapafu."

"Mtu mwenye mapafu hayo, baba, anakufaje?"

"Anakohoa damu, Bonifasi. Wakati mwingine nyingi, mara moja."

Bonifasi aliikunja karatasi. Siku tano alikuwa anatafuta jiwe au rungu lililompiga Gaspari kifuani. Dresa wa hospitali alikuwa amemwambia haoni jeraha, naye akamwandika kwenye jalada kama mtu asiye na uzoefu. Aliona haya, na haya yenyewe ilimpasa.

Ndani ya mahabusu Fabiano alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti kifuani. Bonifasi alimwambia Marko afungue, akaingia, akakaa sakafuni naye. Marko alitaka kuleta kigoda, akaona bora aache.

"Sitakuuliza kitu," Bonifasi alisema. "Nitakueleza, na nikikosea unaweza kunyamaza kama ulivyozoea. Kaka yako alishuka kwenye lori akiwa anakohoa damu. Hakwenda Mtinko. Alikutumia habari, ukamficha kwenye kibanda cha warina asali kwa sababu msimu wa asali ulikuwa haujaanza. Ukamletea uji. Jumatano akakutuma kwa Jivanji na elfu moja, ukarudi na mia moja kumi na tatu."

Fabiano aliinua kichwa.

"Ukamweleza alichosema mpiga mbiu."

"Alicheka," Fabiano alisema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Nilimwambia wanasema pauni imeshushwa, akacheka mpaka akakohoa. Akasema huyo Mhindi kakupunja, mdogo wangu. Akanifundisha maneno. Usiku kucha ananifundisha, sema tena, sema tena. Safari ile ya pili nilikuwa sitaki kwenda, afande. Ijumaa asubuhi alikuwa ametoka damu nyingi. Akanifukuza. Akasema nenda, usikubali kumi na moja."

Aliyakumbatia magoti yake.

"Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Usikubali kumi na moja."

Marko, pale mlangoni, aligeuka akatazama uani.

"Kwa nini hakwenda kwa mkewe?" Bonifasi aliuliza.

"Mtu amekaa Kongo miaka saba. Ataingiaje uani kwake mikono mitupu, anakohoa? Alitaka ng'ombe. Nikishapata pesa zote niende mnadani Sepuka, ninunue sita. Niwapeleke kwa Klara, wao watangulie, na yeye aingie nyuma yao. Alisema akiwa nyuma ya ng'ombe hawatamtazama yeye kwanza."

"Na kama angekufa kabla?"

"Niliapa. Kwa tumbo la mama yetu. Klara asijue kamwe kwamba alikuwa Mgori. Aletewe ng'ombe, aambiwe mumewe kafia Kongo, mtu mzima mwenye nguvu." Alijifuta pua kwa mkono. "Jumapili nikafika, nakuta watu, nakuta jumbe, na mimi nina mkanda wake kiunoni. Nikapita kama sijui."

"Ulikuwa tayari kunyongwa kwa ajili ya hilo?"

"Kwanza sikujua kwamba mnanyonga kweli. Halafu nikajua." Fabiano alifikiri. "Halafu nikaona siku zimepita nyingi mno, nani angeniamini. Afande, usimwambie Klara."

"Yeye ndiye shahidi wa kwanza. Nisipomwambia mimi, atayasikia kwa Inspekta, kwa mkalimani, mbele ya watu."

Fabiano alirudisha kichwa kwenye magoti. Bonifasi alibaki amekaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu hakuna mahali pengine alipotakiwa.

Inspekta alimsikiliza Bonifasi jioni ile kwa dakika ishirini. Alikagua sahihi ya Jivanji, akakagua tafsiri ya Padri, akasema mtu atatolewa Jumatatu badala ya kupanda lori, mradi Klara abadilishe maelezo yake. Bonifasi alipiga saluti. Hakuna aliyempongeza, naye hakutarajia.

Jumamosi asubuhi alipanda baiskeli kwenda Mtinko. Klara alikuwa anapepeta uwele nje ya tembe lake, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cheusi kichwani. Karibu na mlango alikaa mama mkwe wake, Bibi Rahabu, mama wa marehemu na mama wa mshitakiwa, ambaye kwa wiki nzima hakuna aliyejua amlilie mwanawe yupi kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee.

"Habari za hapa, Mama Dorika?" akamgeukia Klara.

"Hapa hakuna habari, Bwana Sajenti. Umekuja kuniambia siku ya kwenda Dodoma?"

"Nimekuja kukuambia kwamba Fabiano hakumuua Gaspari."

Klara aliendelea kupepeta. Bonifasi alimweleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kukaa: mapafu, faranga, safari mbili za dukani, kibanda. Hakupunguza wala kutia chumvi. Alipofika kwenye kibanda ungo ulisimama.

"Alishuka Singida lini?"

"Tarehe kumi na tatu."

"Na akafa tarehe ishirini na tano." Alihesabu kwa vidole, kidole baada ya kidole, akaishiwa na vidole. "Siku kumi na mbili. Mgori. Mimi hapa nikitoka asubuhi nafika jioni, na kuni kichwani."

"Hakutaka umwone vile."

"Miaka saba nilikuwa namngoja mtu, hakuna siku niliyoota unene wake au nguvu zake. Ningembeba. Mtu mwenyewe alikuwa amebaki mifupa, si ndiyo? Ningembeba mpaka hapa." Aliweka ungo chini, taratibu, bila kumwaga punje. "Wiki hii nilikuwa na Fabiano wa kumchukia. Nilikuwa nalala. Ungeniachia muuaji wangu, Bwana Sajenti. Sasa nikasirike na nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya upelelezi Bonifasi alitamani awe amekosea. Bibi Rahabu alisema kitu kirefu kwa Kinyaturu. Klara alimjibu kwa ufupi. Kisha mzee akaanza kulia, kwa sauti, bila kujificha, na Klara akaenda akakaa karibu naye, mabega yakigusana. Bonifasi alitazama baiskeli yake, karatasi ya maelezo mapya ikiwa mkononi.

Baada ya muda Klara alinyoosha mkono. "Leta hiyo karatasi."

Bonifasi alimsomea maelezo mapya neno kwa neno. Klara aliyasikiliza, akaweka dole gumba kwenye wino na kwenye karatasi, akalifuta kwenye kanga.

"Zile pesa ni zako," Bonifasi alisema. "Boma watakupa Jumatatu. Mia tatu tisini na nane."

"Mpe Fabiano. Mwambie aende nazo Sepuka anunue ng'ombe sita, kama alivyotumwa. Awalete hapa mchana, watu wakiwepo. Mimi nitasimama mlangoni nitazame nyuma yao."

"Nyuma yao hakutakuwa na mtu, Mama Dorika."

"Najua," Klara alisema. "Nitatazama hivyohivyo."